Aliyepewa Jembe Asibaki Nje ya Ukumbi

Wiki moja kabla ya ufunguzi wa Tamasha la Kimataifa la Filamu la Berlin mwaka 2024, watu wa sinema nchini Ujerumani hawakuwa wakibishana juu ya filamu. Walikuwa wakibishana juu ya viti. Ilikuwa imejulikana kwamba wanasiasa watano wa AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, wametumiwa mialiko ya hafla ya ufunguzi kwa desturi ile ile inayowapa mialiko wabunge wa vyama vingine. Mwezi uliotangulia, waandishi wa habari za uchunguzi wa Correctiv walikuwa wamefichua mkutano wa faragha uliofanyika Potsdam, ambako baadhi ya watu wa chama hicho waliketi na wenzao wenye siasa kali kuzungumzia namna ya kuwaondoa nchini mamilioni ya watu wenye asili ya kigeni, hata wenye uraia. Miji mikubwa ilijaa waandamanaji. Watu wapatao 200 wa filamu wakaandika barua ya wazi, na tarehe 8 Februari wakuu wa tamasha, Mariette Rissenbeek na Carlo Chatrian, wakatangaza kuwa mialiko ile imefutwa. Tarehe 15 milango ikafunguliwa, na wale watano hawakuwamo.

Nalirudia tukio hilo kwa sababu linafichua jambo ambalo sisi huwa tunalipita. Tumezoea kuuona usiku wa ufunguzi kuwa usiku wa magauni, zulia jekundu na kamera. Shughuli ya wenyewe, ambayo Mswahili anayeishi ughaibuni huitazama kwenye simu akiwa njiani kurudi kutoka kazini. Akiwa mpenzi wa sinema, atasubiri siku ya katikati ya juma ambayo filamu ya Kenya au ya Tanzania itaonyeshwa katika ukumbi mdogo. Atakwenda na wenzake, watapiga makofi, watapiga picha na mwongozaji, watarudi nyumbani wameshiba. Hapana ubaya wowote katika hilo. Lakini mimi nashikilia kwamba, kama ana nafasi ya siku moja tu, mtu huyo amekosea siku. Filamu yetu itarudi, ataiona baadaye. Usiku unaomhusu kwa karibu zaidi ni ule wa ufunguzi, hata kama filamu ya usiku huo haina sura moja inayofanana na yake, kwa sababu ndipo nchi anamoishi inapotamka hadharani nani ni wa kwake, nani ana kiti na nani hana. Mkaazi wa nchi hapaswi kusimuliwa hayo na majirani.

Tofauti kati ya mgeni na mkaazi ilijitokeza wazi kabisa katika ufunguzi ule ule wa 2024. Mwenyekiti wa jopo la majaji alikuwa Lupita Nyong'o, aliyezaliwa Mexico na kulelewa Kenya, mtu mweusi wa kwanza kukalia kiti hicho tangu tamasha lianze. Ilikuwa fahari ya haki kwa Wakenya na kwa Afrika Mashariki nzima. Katika mkutano na waandishi wa habari aliulizwa kuhusu sakata la mialiko, naye akajibu kwa utulivu kwamba yeye ni mgeni pale, hajui undani wa siasa za nchi ile, na anashukuru kwamba halazimiki kulijibu swali hilo. Kwa mtu aliyekuja kwa siku kumi na kuondoka, jibu lile lilikuwa la kweli na la adabu. Ila si jibu ambalo muuguzi kutoka Kisii anayefanya kazi mwaka wa kumi na mbili katika hospitali ya Berlin anaweza kulitoa. Yeye undani anaujua. Mkutano wa Potsdam ulikuwa ukimzungumzia yeye, pasi yake, na watoto wake wanaosoma shule ya mtaani. Wakati mgeni mheshimiwa anaruhusiwa kunyamaza, mkaazi hana ruhusa hiyo, na asiwe na hamu nayo.

Tuna methali inayosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huwa tunaitumia kumkumbusha mgeni wajibu wake, tukausahau upande wa pili. Aliyepewa jembe akalima ana fungu katika mavuno, na ngoma ya mavuno ikipigwa hasimami nyuma ya ua akichungulia. Tamasha la Berlin, ambalo wenyewe huliita Berlinale, huendeshwa kwa fedha za tiketi, za wadhamini, na za serikali ya shirikisho. Hizo za serikali ni kodi. Kila mwenye hati ya mshahara Ujerumani, awe amezaliwa Bavaria au Bungoma, ameshatia mkono wake katika zulia lile. Basi anapoitazama hafla kana kwamba ni karamu ya jirani tajiri, anajinyima haki ambayo hakuna aliyempa kwa hisani.

Na ikiwa suala ni nani aliyetangulia kufika, Kiswahili kilikuwa Berlin zaidi ya miaka sitini kabla ya tamasha lenyewe kuzaliwa. Mwaka 1887 ilifunguliwa mjini humo Seminari ya Lugha za Mashariki, ikiwaandaa maofisa na wafanyabiashara waliotaka kwenda ng'ambo, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizosomeshwa. Walimu waliletwa kutoka pwani yetu. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha huko miaka ya 1890. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili wanafunzi wa historia wangali wanayarejea, alifika mwaka 1900. Alipojaribu baadaye kurudi Dar es Salaam na mkewe Mjerumani, wakoloni walimzuia kushuka melini naye, wakarejea Ujerumani pamoja.

Lakini anayebeba hoja yangu ni mwingine. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, mtoto wa askari Msudani wa jeshi la Wajerumani, na mwenyewe aliingizwa katika vita vya 1914 akiwa mtoto bado. Mwaka 1929 alifika Berlin, na miongoni mwa aliyoyafuata ni mishahara ya vita ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Aliambiwa muda wa madai umepita. Akabaki. Alifanya kazi ya kuhudumia wateja katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe lililokuwa Potsdamer Platz. Akasaidia kufundisha Kiswahili katika seminari ile ile. Na kuanzia 1934 akawa mwigizaji wa filamu. Alionekana katika filamu zaidi ya ishirini. Mara nyingi alikuwa mbeba mizigo, mtumishi, mtu anayepita nyuma ya nyota akiwa ameshika sinia. Nafasi yake kubwa kuliko zote ilikuwa katika filamu Carl Peters ya mwaka 1941, akiigiza msaidizi wa yule mkoloni ambaye watu wa Tanganyika walimwita Mkono wa Damu. Mwaka huo huo alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa bila kesi katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin. Humo ndimo alimofia tarehe 24 Novemba 1944.

Leo ukumbi mkuu wa tamasha, Berlinale Palast, uko Potsdamer Platz. Kutoka pale ilipokuwa Haus Vaterland, ambayo imeshabomolewa, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mswahili wa Dar es Salaam alibeba sinia mahali hapo, akaenda studio mchana kubeba sinia nyingine mbele ya kamera, na sinema ya nchi ile ikamtumia mpaka siku ilipomtupa. Kwa hiyo anayesema sinema ya Kijerumani haituhusu ameanza hesabu katikati. Tumekuwamo tangu zama za picha nyeusi na nyeupe, tukiwa pembeni ya fremu. Mwaka 2013 mwongozaji Eva Knopf alitoa filamu ya hali halisi, Majubs Reise, iliyojengwa kwa kuzitazama upya filamu zile za zamani na kumfuata mtu yule wa pembeni kutoka picha moja hadi nyingine, hadi akawa yeye ndiye hadithi. Jicho la namna hiyo, linalotazama pembeni kabla ya katikati, mtu wa ughaibuni analo bila kufundishwa. Ukumbi wa ufunguzi unalihitaji.

Tamasha lenyewe lilizaliwa kwa shabaha ya kisiasa, wala halikuficha. Lilianza Juni 1951 katika ukumbi wa Titania-Palast, Berlin Magharibi, mji ukiwa bado na vifusi vya vita, kwa juhudi zilizoongozwa na Oscar Martay, ofisa wa Marekani aliyesimamia mambo ya filamu. Lilikusudiwa liwe dirisha la kuonyeshea maisha ya upande wa Magharibi kwa walioko Mashariki. Filamu ya ufunguzi ilikuwa Rebecca ya Alfred Hitchcock. Majumba ya sinema yaliyokuwa karibu na mpaka wa sekta yaliwauzia watu wa Berlin Mashariki tiketi za bei nafuu, na kati ya 1952 na 1955 zawadi ziliamuliwa kwa kura za watazamaji wa kawaida. Asili hiyo ya tamasha la raia haijafutika. Cannes ni soko la watu wa kazi. Asiye na kitambulisho cha tasnia hubaki upande wa pili wa uzio akizihesabu ngazi. Berlin huuza kwa umma tiketi zaidi ya 300,000 kila mwaka, na watu huzigombea kama tunavyogombea tiketi za Simba na Yanga. Ndiyo maana nimelichagua tamasha hili: ni la wenye mji, na sisi tunaoishi humo tu wenye mji.

Hapo msomaji atanirudisha chini. Atasema: tiketi za kawaida ndizo zinazouzwa, lakini usiku wa ufunguzi ni wa mialiko, na mwalikwa ni waziri, balozi na nyota; fundi wa magari kutoka Temeke ataingiaje? Pingamizi hili lina uzito, na sitalipangusa kwa maneno matamu. Viti vya Palast usiku huo kwa sehemu kubwa ni vya walioalikwa. Ila tulitazame tena sakata la 2024, kwa kuwa ndilo lililotufunulia mitambo ya ndani. Wale wanasiasa watano hawakualikwa kwa kupendwa na mtu. Walialikwa kwa sababu mialiko hupita katika taasisi: mabunge, wizara, balozi, vyuo, mashirika ya utamaduni. Kiti hutolewa kwa anayetambulika kuwa ni sehemu ya mji. Sasa jiulize ni jumuiya ngapi za Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi zilizosajiliwa kisheria Ujerumani, zenye mwenyekiti, katibu na mhuri, ambazo zimewahi kuandika barua kwa tamasha kuomba kutambuliwa. Tunaandika barua za kuomba ukumbi wa harusi, za kusafirisha maiti, za kupinga kufukuzwa kwa mwenzetu. Hii nayo iandikwe. Ikikataliwa mwaka huu, itakuwa kwenye jalada mwaka ujao.

Tena, kuhudhuria kuna duara zaidi ya moja. Hafla hurushwa moja kwa moja na televisheni, na mwaka 2025 ilionyeshwa wakati ule ule katika majumba kadhaa ya sinema sehemu nyingine za Ujerumani, ikifuatiwa na filamu ya ufunguzi, ambapo mtu wa kawaida aliweza kukata tiketi na kuketi. Filamu hiyo pia hurudiwa siku za tamasha katika kumbi za Berlin. Kukaa na watu mia mbili usiowajua, ukasikia wanacheka wapi na wananyamaza wapi, ni jambo ambalo simu haiwezi kukupa. Kuhusu lugha sina maneno mengi: hafla ni ya Kijerumani na Kiingereza, na aliyeishi kule miaka mitatu anaelewa zaidi ya anavyokiri.

Pingamizi la muda na fedha nalipokea kwa heshima kubwa kuliko yote. Maisha ya ughaibuni yamefungwa kwa zamu. Wengi wetu kule hutunza wazee usiku, husafisha ofisi alfajiri, huendesha magari ya vifurushi hadi miguu ife ganzi, na kila senti ina mwenyewe: kodi ya nyumba, ada ya mdogo wake Mbeya, dawa za mama Bukavu. Siwezi kumwambia mtu huyo kwamba sinema ni muhimu kuliko usingizi. Ninachoweza kusema ni kwamba hata hivyo yeye huomba ruhusa kazini kwa ajili ya arusi, maziko, mechi ya fainali na mkutano wa jumuiya, kwa kuwa anajua asipoonekana huko atapungua mbele ya watu wake. Namwomba aihesabu na hii, mara moja kwa mwaka, katika orodha ya mahali ambapo kutoonekana kunampunguza. Kwa asiye na uraia hoja hii ina makali zaidi. Tamasha la 2025 lilimalizika Jumapili ya tarehe 23 Februari, siku ile ile Wajerumani walipopiga kura ya Bunge, na AfD ikashika nafasi ya pili kwa zaidi ya asilimia 20. Mkaazi asiye na uraia hakuwa na karatasi ya kutumbukiza katika sanduku lile. Anabaki na nini cha kuionyesha nchi kwamba yupo? Anabaki na nafsi yake, mahali penye watu, wakati taa zinawaka.

Kuna pingamizi la tatu, ambalo kwa kweli ndilo linaloniumiza kichwa. Mtu mwenye fikra kali atauliza: je, huko si kwenda kumpamba mwenyeji? Husen naye alikuwapo. Alionekana katika filamu zaidi ya ishirini, na kuonekana kwake kulitumika kuupaka rangi nzuri ukoloni. Mtu mweusi akiketi leo mstari wa kumi, kamera ikamvuta karibu, nchi itajipongeza kwa ukarimu wake, kisha kesho yake ofisi ya uhamiaji itafunguliwa saa mbili kama kawaida. Nakubali kwamba hatari hii ipo. Lakini tofauti ya mambo haya mawili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Husen aliwekwa mbele ya kamera atazamwe. Hakuna aliyemwuliza ameona nini. Anayeketi upande wa watazamaji amepewa kazi ya kuhukumu. Anaweza kupiga makofi, anaweza kuyazuia, anaweza kusimama wakati wa mazungumzo na mwongozaji akasema, kwa Kijerumani chake kilichopinda, kwamba mlango ule haufunguliwi hivyo kwetu.

Ufunguzi wa 2025 unanipa mfano mzuri. Filamu iliyochaguliwa ilikuwa Das Licht ya Tom Tykwer, ambaye tayari mara mbili huko nyuma filamu zake zilikuwa zimelifungua tamasha hili. Inahusu familia ya Kijerumani ya Berlin, watu wenye nafasi waliopoteza mawasiliano ndani ya nyumba moja, na mwanamke Msyria anayekuja kuwafanyia kazi. Juu juu haituhusu. Lakini mama wa familia hiyo anaendesha Nairobi mradi wa jumba la maigizo unaogharimiwa na fedha za Ujerumani, na mtoto wake mdogo baba yake ni Mkenya. Nairobi imo, basi, katika moyo wa filamu iliyofungua tamasha kubwa kuliko yote ya Ujerumani. Na Tykwer si mgeni wa mji ule: yeye na Marie Steinmann walianzisha One Fine Day Films, kampuni iliyoshiriki kutengeneza Soul Boy ya Hawa Essuman, iliyopigwa Kibera, na Nairobi Half Life ya mwaka 2012, ambayo mpaka leo vijana wengi wa Kenya huitaja kama filamu iliyowafanya waisikie Sheng' yao ikitoka kwenye pazia kubwa. Uhusiano huo una mema mengi, na una maswali pia. Nairobi ya Das Licht ni ya nani? Inatazamwa kutoka dirisha la mradi wa wafadhili, au kutoka barabarani? Mhakiki wa Kijerumani anaweza kuipima mwendo wa kamera na muziki. Swali la dirisha litajibiwa vyema na aliyekulia Eastlands na sasa anaishi Neukölln, mtu anayezijua pande zote mbili za safari ile. Kama hakuwamo ukumbini, swali halikuulizwa.

Wapo watakaoniambia niache ya Berlin, nguvu zetu tuzielekeze kwenye matamasha yetu. Tuna Ouagadougou, ambako FESPACO imekuwapo tangu 1969. Tuna la kwetu wenyewe, Tamasha la Nchi za Jahazi, ambalo tangu 1998 huwakusanya watu Unguja chini ya kuta za Ngome Kongwe, upepo wa bahari ukipita juu ya vichwa vyao, na ambalo limewahi kuzifikisha filamu hadi vijijini Unguja na Pemba. Nayapenda matamasha hayo, na ningependa kila mwenye uwezo wa kurudi nyumbani likizo aipange safari yake iangukie tarehe zao. Ila sioni kwa nini moja liwe adui wa jingine. Itazame FESPACO yenyewe. Zawadi yake kuu, Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, ilikwenda mwaka 2021 kwa The Gravedigger's Wife ya Khadar Ayderus Ahmed, aliyezaliwa Mogadishu na kuhamia Finland akiwa kijana. Mwaka 2025 ilikwenda kwa Katanga ya Dani Kouyaté wa Burkina Faso, anayeishi Sweden. Matamasha matatu mfululizo, 2021, 2023 na 2025, na mara mbili mshindi alikuwa mtu aliyehamia kaskazini ya Ulaya. Filamu ya kwanza ni ya Kisomali na ya pili ni ya Kimoore. Kuishi mbali hakukuwatoa katika lugha zao, na kuketi katika kumbi za Ulaya hakukuwafunga njia ya kurudi. Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, naye aliipeleka filamu yake Augure hadi Cannes mwaka 2023, Kiswahili cha Kongo kikiwa miongoni mwa lugha zake, katika hadithi ya mtu anayerudi kwao kutoka Ulaya na kukuta mlango mzito.

Na kwa anayeamini kwamba kuwapo hakubadilishi kitu, mtaa wa Wedding, Berlin, una jibu. Huko kulikuwa na barabara iliyoitwa Petersallee, kwa jina la yule yule Carl Peters ambaye Husen aliigiza kumtumikia. Mwaka 1986 wakuu wa mji waliamua kusema kwamba jina lile sasa linamkumbuka Peters mwingine, wakaacha kibao kama kilivyo. Mnyaka Sururu Mboro, mzaliwa wa Kilimanjaro ambaye ameishi Ujerumani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na wenzake wa Berlin Postkolonial pamoja na jumuiya nyingine za watu weusi, walidai jina hilo liondoke. Walidai mwaka baada ya mwaka, wakaongoza matembezi, wakaenda katika vikao vya wilaya, wakasikilizwa nusunusu, wakarudi tena. Mwezi Agosti 2024 vibao vipya vilifunuliwa. Sehemu moja ya barabara ile sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Hakuna aliyekuja kuwapelekea mwaliko nyumbani. Walijihesabu kuwa wenyeji mpaka mji ukakubali hesabu yao.

Narudi kwenye Februari ile ya 2024, kwa kuwa sikuisimulia yote. Baada ya usiku wa ufunguzi, baada ya sakata la viti, tamasha lilionyesha filamu ya hali halisi iitwayo Das leere Grab, yaani kaburi tupu, iliyoongozwa na Agnes Lisa Wegner na Mtanzania Cece Mlay. Inazifuata familia za Tanzania zinazotafuta mabaki ya wazee wao yaliyochukuliwa na wakoloni na kupelekwa Ujerumani. Mmoja wa wazee hao ni Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa mwaka 1906 katika vita vya Majimaji. Miezi michache kabla, Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier alikuwa amefika Songea kuomba radhi. Filamu haiachi hadithi iishie kwenye radhi. Inawafuata wajukuu hadi Berlin, wakiuliza kichwa kiko rafu gani. Na jopo lililoongozwa na Lupita likampa Dubu wa Dhahabu, zawadi kuu ya tamasha, Mati Diop kwa Dahomey, filamu ya kurejeshwa nyumbani kwa hazina 26 za Benin kutoka Paris.

Siku hizo, katika kumbi za mji huo, Kiswahili kilisemwa kutoka kwenye pazia na watu waliokuja kudai chao, huku Wajerumani wakisoma tafsiri chini ya picha. Tamasha lilikuwa limeanza tarehe 15 na kumalizika tarehe 25. Katikati yake ilikuwamo tarehe 22 Februari, ambayo mwaka ule ilitimiza miaka 120 tangu Mahjub bin Adam Mohamed azaliwe Dar es Salaam. Mbele ya nyumba moja ya Brunnenstraße, alikowahi kuishi, kuna jiwe dogo la shaba lenye jina lake, lililolazwa njiani tangu 2007. Kutoka hapo hadi Potsdamer Platz treni haichukui muda mrefu.